LPN: chuo cha dola 34,000 kinachoanza mwezi ujao au cha 16,000 nisubiri Agosti?

mama_wawili_columbus

Habari zenu ndugu zangu. Naomba mawazo maana nimekwama na siku zinakimbia. Niko Columbus, Ohio, nimekulia kambini Nyarugusu, tukaletwa huku 2016, na huu ni mwaka wa sita nafanya CNA (msaidizi wa nesi) kwenye nyumba ya wazee. Nalipwa 19.50 kwa saa, saa 40 kwa wiki, nalea watoto wawili peke yangu, mkubwa ana miaka 9 mdogo 6. Mwaka huu lazima nianze LPN, yaani unesi wa leseni wa ngazi ya kwanza, hilo nimeshaamua, mgongo wangu hauwezi kunyanyua watu miaka mingine kumi, na kila siku namwangalia nesi wa zamu yangu anafanya kazi ambayo najua naiweza kabisa.

Sasa nina vyuo viwili. Cha kwanza ni cha binafsi, dola 34,000 ukijumlisha kila kitu, miezi 14, madarasa ni jioni tatu kwa wiki na Jumamosi moja moja, hawadai mtihani wa kuingilia chuo wa TEAS, wanaanza Februari. Yule dada wa udahili ananipigia kila siku, jana kapiga mara mbili nikiwa namlisha mgonjwa, anasema zimebaki nafasi nne tu. Cha pili ni kituo cha ufundi cha umma, kama 16,000 na vitabu na yunifomu humo humo, miezi 11, lakini ni mchana Jumatatu mpaka Ijumaa, TEAS lazima ufaulu, na hawaanzi mpaka Agosti.

Kina mama kanisani wananiambia nenda cha binafsi, wakati ni mali. Mdogo wangu anasema nikikopa hela yote hiyo nitakuja kulia. Mimi katika maisha yangu nimekopa gari tu. Swali langu ni moja, mshahara wa LPN unaweza kubeba deni la namna hiyo na watoto wakala? Mliopita hii njia nisaidieni tafadhali.

---

shangazi_wa_usiku

Mwanangu, usisaini kitu kwanza. Nakuandikia nikiwa kwenye mapumziko yangu ya saa nane usiku kwa hiyo nitaandika haraka haraka.

Mimi nilisoma chuo kama hicho chako cha kwanza, sitakitaja jina, nilianza 2019. Nilisainishwa kwenye tableti, dada wa watu anatelezesha kidole, saini hapa mama, na hapa, na hapa, dakika kumi tumemaliza akanipa na chupa ya maji yenye nembo ya chuo. Nikajua nimechukua mkopo mmoja. Nimemaliza, miezi sita baadaye zinaingia barua mbili, moja ya mkopo wa serikali, nyingine ya kampuni ambayo hata jina lake sikuwahi kulisikia, riba asilimia 12. Ule wa serikali hauna shida sana, kazi ikiyumba unawapigia wanakupangia malipo kulingana na kipato chako. Hawa wengine hawasikilizi mtu. Nilipofanyiwa operesheni ya nyongo nikakaa nyumbani wiki sita walinipigia nikiwa bado na nyuzi tumboni.

Na kitu kingine ambacho hakuna aliyeniambia, nilipotaka kuunganisha kwenda RN, yaani nesi wa ngazi ya juu ya LPN, komyuniti koleji ya hapa ikaangalia karatasi zangu ikasema masomo ya kile chuo hawayatambui. Anatomia na fiziolojia nikarudia tangu mwanzo, kwa hela ya mfukoni. Kwa hiyo kabla hujauliza ada, uliza hivi: nikimaliza kwenu, koleji gani hapa mjini inapokea masomo yenu kwa RN, nipeni kwa maandishi. Halafu piga simu kwenye hiyo koleji yenyewe uulize kama ni kweli.

Kazi yenyewe usiogope, ni nzuri. Usiku huu nina wazee 28. Nasukuma kigari cha dawa chumba kwa chumba, wasioweza kumeza nawapondea vidonge nachanganya kwenye rojo la tufaha, na saa moja asubuhi nesi anayeingia atasimama ubavuni kwangu tuhesabu zile dawa kali za maumivu zinazokaa chini ya kufuli mbili, kidonge kimoja kimoja, yeye anasoma daftari mimi nahesabu, mpaka namba zikubaliane ndo namkabidhi funguo. Zile funguo ndo tofauti yako wewe na LPN, na ndo wanachokulipia. Mimi sa hivi napata 31. Ila kila tarehe 5 dola 400 na kitu zinaondoka, na zitaendelea kuondoka mpaka mtoto wangu wa mwisho amalize sekondari.

---

hesabu_kwanza

Dada, shangazi kasema ya moyoni, mimi ngoja nikuwekee namba.

Takwimu za Idara ya Kazi ya Marekani za Mei 2024 zinasema LPN wa katikati anapata 62,340 kwa mwaka, CNA 39,530, RN 93,600. Lakini usipige hesabu yako na hiyo 62,340, huyo ni mtu wa katikati wa nchi nzima, ndani yake kuna waliokaa kazini miaka ishirini. Nenda kamuulize bosi wako LPN aliyepata leseni jana anaanzia ngapi hapo hapo unapofanya kazi. Tuseme 27. Kwa saa 2,080 za mwaka hiyo ni 56,160. Wewe sasa hivi unapata 40,560. Maana yake diploma inakuletea 15,600 kwa mwaka kabla ya kodi. Hiyo 15,600 ndo ya kuweka mizani moja na deni, maana ile 40,560 unayo tayari bila kusoma.

Sasa hela inatoka wapi. Jaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali, ni bure, na mkimbizi, mwenye grinikadi na raia wote wanaruhusiwa. Kwa kipato chako na watoto wawili unalea peke yako nategemea utapata Pell (ruzuku ya masomo ya serikali) kamili, dola 7,395 kwa mwaka wa masomo, na hiyo hairudishwi. Baada ya hapo mkopo wa serikali, na hapa ndo watu hawajui: mtu anayejitegemea kama wewe kikomo cha mwaka wa kwanza ni 9,500 basi. Kwa hiyo kwenye kile cha 34,000, Pell na mkopo wa serikali vikijumlishwa ni 16,895. Zinabaki kama 17,100. Hata kipande cha mwaka wa pili kikikuongezea kidogo, pengo lipo, na hilo pengo ndo ile barua ya pili ya shangazi.

Tupige sasa. 9,500 ya serikali kwa riba ya 6.39 (ya masomo ya 2025 na 2026) kwa miaka kumi ni kama 107 kwa mwezi. 17,100 ya kampuni kwa asilimia 12 ni kama 245 kwa mwezi. Jumla 352 kila mwezi miaka kumi, na ile 17,100 peke yake utakuwa umeilipa 29,400. Kile cha 16,000, ukitoa Pell inabaki 8,605, yote inaingia kwenye mkopo wa serikali, 97 kwa mwezi.

Mwaka 2023 serikali iliweka kipimo chake kwa programu za namna hii, malipo ya mkopo ya mwaka yasizidi asilimia 8 ya kipato. 352 mara 12 ni 4,224, kwenye 56,160 ni asilimia 7.5, kwa hiyo kwenye makaratasi umepona. Ila pima kwa ile nyongeza ya 15,600, deni linakula zaidi ya robo yake kila mwaka kwa miaka kumi, na kodi bado haijakatwa.

Kuhusu wakati ni mali. Februari ujumlishe miezi 14 unamaliza mwezi wa nne mwakani. Agosti ujumlishe miezi 11 unamaliza mwezi wa saba. Ni miezi mitatu tu dada! Miezi mitatu ya nyongeza ni 3,900. Hicho ndo unachonunua kwa kukimbilia Februari.

Na ingia College Scorecard, ni tovuti ya Wizara ya Elimu, andika jina la chuo, tafuta programu ya uuguzi wa ngazi hiyo, utaona waliomaliza wanapata kiasi gani na wametoka na deni la kiasi gani. Ila deni wanaloonyesha pale ni la serikali tu, mikopo ya kampuni haimo, kwa hiyo chuo kinaweza kuonekana cha nafuu wakati wanafunzi wake wamebeba mzigo mwingine usioonekana.

---

mkenya_wa_plano

Naongeza moja tu kwa wengine watakaosoma, kuhusu hiyo Pell. Mimi nilikuja na digrii yangu ya biashara kutoka nyumbani Kenya, nikajaza FAFSA nikaweka hakuna digrii kwa sababu niliona ya Kenya haihesabiwi huku. Inahesabiwa. Ukishakuwa na digrii ya kwanza, hata ya nje, Pell huna, mpaka uonyeshe kwa karatasi kwamba haifikii digrii ya Marekani. Nilikuwa nimeshaanza masomo nikaambiwa nirudishe. Karo yote nililipa kwa mkopo na kwa chama, wenzangu walinipangia nipokee mapema, Mungu awabariki. Huku Texas tunaitwa LVN lakini ni kitu kimoja, mtihani wa leseni ni NCLEX-PN ule ule, ada ya mtihani 200.

---

mama_louisville

Jamani naomba kupinga kidogo, kwa heshima.

Kaka namba zako ni safi lakini umesahau kodi ya nyumba. Huyu dada analea peke yake. Kituo cha ufundi ni mchana siku tano, atafanya kazi saa ngapi? Mimi naona Jumamosi na Jumapili, saa 12 kila siku, saa 24 kwa wiki. Anapoteza saa 16 kila wiki mara 19.50, hiyo ni 312 kwa wiki. Piga kwa wiki 47 za hiyo miezi 11. Na watoto Jumamosi na Jumapili wanakaa na nani? Mimi nilikuwa kwenye hali hiyo hiyo, watoto watatu, mume amebaki Kigoma anasubiri makaratasi. Kwenye komyuniti koleji foleni ilikuwa miaka miwili. Miwili! Nikaenda cha binafsi cha jioni, 24,000, nikabaki na kazi yangu ya mchana, nikafaulu NCLEX mara ya kwanza, na deni nimelimaliza kwa miaka minne kwa kufanya daboshifti za wikendi. Sijutii. Ningesubiri ile foleni ningepoteza zaidi.

Kwa hiyo cha binafsi sio dhambi. Ila mimi nilihakikisha vitu viwili kabla. Nilikwenda kwenye tovuti ya bodi ya wauguzi ya jimbo nikaangalia wanafunzi wao wangapi wanafaulu NCLEX mara ya kwanza, mwaka 2023 wastani wa nchi nzima kwa LPN waliosoma humu Marekani ulikuwa karibu 87 kwa mia, chuo kikiwa chini sana ya hapo kimbia. Na nikahesabu wale wanaoanza na wanaomaliza. Hiyo chuo hakikwambii, unasimama mlangoni jioni unawauliza wanafunzi wenyewe, mlianza wangapi mmebaki wangapi. Maana deni la mtu aliyeacha katikati ni baya kuliko yote, analipa mkopo wa LPN kwa mshahara wa CNA.

---

hesabu_kwanza

Mama Louisville nakubali, nilikosea kuacha hilo. 312 mara wiki 47 ni 14,664. Turudie basi. Tofauti ya malipo ya mikopo miwili ni 255 kwa mwezi, miaka kumi ni 30,600. Toa 14,664 za saa zilizopotea, toa 3,900 za ile miezi mitatu, inabaki kama 12,000. Kituo cha ufundi bado kiko mbele, lakini sio kwa mbali nilivyoonyesha mwanzo, na ubaya wake ni kwamba hiyo faida inakuja kidogo kidogo miaka kumi wakati hizo 14,664 zinamkuta mwaka huu huu na jiko linataka gesi.

Kwa hiyo swali limehama dada. Sasa ni namna gani utavuka hiyo miezi 11. Njia ninazozijua: moja nenda ofisi ya ajira ya OhioMeansJobs ya kaunti yako ya Franklin, ulizia WIOA, hela za serikali za mafunzo ya kazi, nesi wa LPN ni kazi inayotafutwa kwa hiyo wana sababu ya kukusikiliza. Mbili, mwajiri wako anaweza kukulipia mpaka 5,250 kwa mwaka bila hiyo hela kukatwa kodi, uliza ofisi ya waajiriwa. Ukiipata hiyo, deni la ada kwenye kituo cha ufundi linashuka mpaka 3,355, na nafasi iliyobaki kwenye ile 9,500 ya serikali unaweza kuichukua kwa ajili ya kodi ya nyumba na chakula, inaruhusiwa. Tatu waulize kituo cha ufundi kama wana kundi la jioni, vingine vinalo ila hawaliandiki mbele kwenye tangazo.

---

kijana_lowell

Samahani naingilia. Kuna jamaa kwenye grupu letu anasema kuna shule Florida unalipa 12 elfu unapewa diploma na transkripti unaenda moja kwa moja kufanya NCLEX, hakuna kukaa darasani. Kwa wenye uzoefu kama CNA miaka mingi si inawezekana?

---

shangazi_wa_usiku

Mdogo wangu usijaribu kabisa, na huyo jamaa mtoe kwenye grupu. Januari 2023 serikali ilitangaza kesi ya hivyo hivyo, waliiita Operation Nightingale, vyuo vitatu vya Florida, diploma feki zaidi ya 7,600 za RN na LPN, walishtakiwa watu 25. Walionunua walilipa elfu kumi mpaka kumi na tano, kuna kama 2,400 walifaulu mtihani kweli kweli na wakapata kazi, halafu bodi za majimbo zikaanza kuwafuata mmoja mmoja na kufuta leseni. Hapa kwetu kazini dada mmoja aliitwa ofisini katikati ya shifti, kigari cha dawa kikabaki kwenye korido, mimi ndo nilikwenda kukifunga. Alikuwa na mikono mizuri na wazee yule dada, walimpenda. Hajarudi.

---

mama_wawili_columbus

Shikamoo shangazi, na asanteni wote, nimesoma kila neno, mengine nimesoma mara tatu na kikokotoo mkononi.

Niwape mrejesho. Yule dada wa udahili nimemwandikia ujumbe maswali manne: koleji gani inapokea masomo yenu kwa RN, mkopo wa serikali kiasi gani na wa kampuni kiasi gani na riba ngapi, waliofaulu NCLEX mara ya kwanza ni wangapi, na mwaka jana walianza wangapi wakamaliza wangapi. Alijibu la tatu tu. Mengine akasema njoo ofisini tuongee, nafasi zimebaki mbili. Wiki iliyopita zilikuwa nne na kabla ya hapo dada mmoja kazini aliambiwa mbili mwezi wa kumi na moja.

Kazini bosi kasema LPN mpya anaanzia 27.50, kwa hiyo kaka ulikisia vizuri. Na hiyo 5,250 kweli wanayo, sikuwa najua miaka yote sita! Ila kuna mkataba, nikimaliza nibaki nao miaka miwili, nikiondoka mapema nairudisha. Shangazi unasemaje hapo, nisaini?

---

shangazi_wa_usiku

Marahaba mwanangu. Mkataba sio mbaya wenyewe, ni maneno yaliyomo. Angalia ukiondoka baada ya mwaka mmoja unarudisha nusu au yote, na ukifukuzwa au jengo likiuzwa wanakudai au hawakudai. Majengo haya yanauzwa kila siku, kwetu tumebadilisha mwenye mali mara mbili. Angalia pia kama wanakufunga kwa mshahara ule ule miaka miwili, ikiwa 27.50 imeandikwa kwenye karatasi kama mshahara wako wa muda wote, waombe waandike nyongeza za kawaida zitaendelea. Na uombe ratiba yako ya wikendi iandikwe humo humo, maana ahadi ya mdomo ya bosi inaondoka na bosi.

---

mama_louisville

Na leseni yako ya Ohio ukishaipata ombea ile ya majimbo mengi. Ohio iliingia kwenye mkataba wa leseni Januari 2023, Kentucky tumo, kwa hiyo ukimaliza miaka yako miwili ukitaka kuja kufanya wikendi huku kwetu huhitaji leseni nyingine. Karibu sana, ugali na sombe vipo.

---

mama_wawili_columbus

Asante mama, sombe tu ningekuja leo.

Basi nimefanya hivi. Nimewapigia kituo cha ufundi, kundi la jioni lipo, linaanza Oktoba, ila ni miezi 18 na nafasi zake zinajaa kwa alama za TEAS, mwenye alama za juu anaitwa kwanza. Mchana Agosti au jioni Oktoba nitajua nikishapata jibu la WIOA, nimepewa miadi Alhamisi. Zote mbili ada ni ile ile. Cha binafsi nimewaambia hapana, bado wanapiga.

TEAS yangu ni baada ya wiki tano. Kusoma na sayansi sina wasiwasi sana, sayansi ya mwili naiona kazini kila siku. Hesabu ndo inanitesa, sehemu na asilimia, kambini tuliruka ruka madarasa. Mwanangu wa miaka 9 ndo ananifundisha sehemu jikoni, anakata chapati, hii ni robo mama, hii theluthi, toa moja kwa nyingine. Maswali yapo 170 kwa muda usiofika saa tatu na nusu. Kuna mtu aliyeufanya karibuni anaweza kuniambia kama kikokotoo kinatolewa humo ndani kwenye kompyuta au unakwenda na chako?

---

kijana_lowell

Kipo ndani ya mtihani wenyewe dada, kwenye skrini, cha kwako hawakiruhusu. Mimi naufanya mwezi ujao, yule jamaa nimeshamtoa. Nina vitabu viwili vya mazoezi, kimoja nimeshakimaliza sikuandika ndani, nitumie sehemu ya kukutumia kwa ujumbe wa faragha nikuletee kwa posta.